Nafasi ya Hesabu

Kila Julai, baridi ya Njombe inapong'ata, darasa la tatu huvaa kofia za shule wiki nzima, kofia zinazowaingizia kichwani hesabu za mwaka mzima. Ili zienee, mzazi huchagua cha kufutwa kichwani mwa mtoto. Kwa binti yangu Atukuzwe nilichagua Kibena, lugha yetu ya nyumbani. Hakina mtihani.

Ijumaa alirudi akigawanya namba kunishinda. Mama yangu, asiyejua lugha nyingine, alikuwa jikoni akiota moto. Akamsemesha mjukuu wake kama kawaida.

Atukuzwe akanigeukia. "Mama, Bibi anasema nini?"

Bibi yake akacheka. "Mke mwenzangu ananiringia leo!" Akarudia polepole.

"Anauliza kama ulisikia baridi," nikamtafsiria mtoto.

"Mwambie hapana."

Nikamwambia. Akaendelea kucheka, akingoja mjukuu ajibu mwenyewe.