Libanga la Guylain

Dady alikuwa amejikunja chini ya meza ya jikoni, kati ya gunia la unga na ndoo ya maganda ya ndizi, suti yake ya kung'aa imelowa maji ya kuoshea samaki. Nyota mzima wa muziki, jamani, kajibanza kama panya! Simu aliyoishika sikioni ilikuwa inamfokea.

"Barabara zote za kuja ukumbini hapa Flagey zimefungwa na waandamanaji, gari halipiti," alisema Achille, mwandalizi wa onyesho. "Njoo kwa miguu, uingie mlango wa nyuma. Paris wamekuzuia, London wamekuzuia. Na Bruxelles ikishindikana, Ulaya usahau kabisa."

Dady alijua. Wale vijana wanaojiita combattants, yaani wapiganaji, walikuwa wameapa kumzuia kila mwanamuziki anayewaimbia wakubwa wa nyumbani, na yeye alikuwa amemwimbia mmoja wao, Jenerali, wimbo mzima wa sifa. Mpiga gitaa wake walimvua nguo zote kule Paris, wakampiga, wakamrekodi. Jioni hii walilitambua gari lake pale Porte de Namur. Akaruka nje, akakimbia mbio za kufa na kupona, akaingia mlango wa kwanza aliouona wazi. Ukawa mlango wa jikoni kwa Maman Marie-Jeanne, mwenye mgahawa Matonge, mtaa wa Wakongomani huko Ixelles.

Maman hakupiga kelele. Alimwonyesha tu chini ya meza.

Mara vijana wawili wakaingia kwa kishindo.

"Munatafuta nani humu?" Maman akawauliza, mwiko mkononi. "Mutavunja sahani yangu! Mutoke. Mi nitabaletea chakula kule Flagey."

"Pardon, maman," wakasema, wakatoka kinyumenyume. Dady hakuamini masikio yake.

Akatambaa kutoka mvunguni, akamshika Maman miguu. "Unisaidie nifike kule, maman. Nakuomba. Batu hii bataniua." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuona haya.

Maman akauweka mwiko mezani. "Ule wimbo yako ya Jenerali. Jina yake unaiita mara ngapi?"

"Ah, maman! Ile ni libanga tu. Ni kazi."

Libanga, kwa asiyejua, ni jina la mtu ambalo mwimbaji hulitupa katikati ya wimbo ili kumsifu mwenye jina.

"Bon. Mi pia nataka libanga. Ya mutoto yangu, Guylain." Akanyoosha kidole kwenye picha ukutani, juu ya sinki: kijana anayecheka, rozari imening'inizwa kwenye fremu. "Alikuwa na vingt-deux ans, miaka ishirini na mbili tu, siku baaskari balimupiga risasi."

"Guylain! Nitaitupa kwenye wimbo ya kwanza kabisa, maman. Parole d'honneur, naapa." Hata hakuitazama picha. Alikuwa anachungulia dirishani.

Maman akamvika aproni, akamshindilia kofia ya mpishi mpaka kwenye nyusi, kisha akambebesha begani sufuria kubwa ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, bado inafuka moshi.

Wakateremka Chaussée d'Ixelles, Maman mbele, Dady nyuma. Sufuria ilimchoma bega, mawese yakamchirizika shingoni, lakini asingethubutu kuitua. Kila kicheko kilichotoka kwenye mabaa ya wanafunzi kilimshtua moyo. Wakalipita basi namba 71 lililokwama njiani, limejaa watu waliovalia vizuri kwenda kumsikiliza yeye, naye akauficha uso nyuma ya mvuke. Simu ya Maman haikuacha kuita. Aliitoa, akaitazama, akairudisha kwenye kitenge.

"Ni batu ya njaa," akasema. "Batangoya."

Pembeni mwa uwanja wa Flagey, karibu na kibanda cha chipsi, Maman akasimama. Kushoto kulikuwa na kichochoro cha kwenda mlango wa nyuma, giza na kimya. Mbele yao uwanja mzima ulifurika watu, mabango na filimbi.

"Dady. Utatupa jina ya nani?"

"Ya mutoto yako, maman."

"Jina."

Majina yalimjia mengi kichwani, ya mawaziri, ya wenye migodi, ya wake zao, yote aliyowahi kuyaimba. "Ghislain," akasema. "Apana. Gédéon? Maman, nikifika pale juu nitakumbuka, nakuapia!"

Maman alimfuta mawese shavuni kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama anayemwandaa mtoto kwenda kanisani.

"Tukwende," akasema, akauelekea uwanja.

"Maman! Mlango iko huku! Achille alisema nyuma!"

"Nyuma ndiko banakuvizia. Fuata mi."

Akafuata. Angefanya nini, masikini? Alifumba macho, akasali sala zote alizofundishwa utotoni, akangojea ngumi ya kwanza.

Ngumi haikuja. Alipofumbua macho, lo! Watu walikuwa wanapisha. Waliopuliza filimbi waliacha, waliovaa kofia walizivua, njia ikafunguka katikati ya umati mpaka kwenye ngazi za ukumbi. Dady aliuona mlango. Aliiona hata sura ya Achille nyuma ya kioo. Kicheko kikamponyoka kwa furaha. Kumbe sombe ya mama inaheshimiwa hivi hata Ulaya!

Kwenye ngazi ya kwanza kijana mrefu aliipokea sufuria kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele ya Maman.

"Présidente, mukubwa ya combattants bote, tuko tunakungoya tangu mchana."

Maman Marie-Jeanne akanyoosha mkono, akamvua Dady kofia.

"Jina ya Jenerali anaijua," akawaambia. "Ya Guylain imemushinda."