Gunia la Kiti cha Kushoto

Fundi Sekiete alikuwa amefunga springi mpya ili gari la mashindano lisiyumbe tena kwenye kona, na sasa alilipima likiwa na uzito wa watu wake. Mbwana, dereva, alishika usukani. Kushoto kwake, mahali pa mkewe Zuhura aliyekuwa akimsomea ramani, gunia la mchanga liliketi kwa heshima zote, mkanda kifuani. Tangu gari lipinduke, Zuhura aliapa hapandi tena.

“Gunia halikufokei,” fundi alimtania.

“Wala halinitajii kona,” Mbwana akajibu.

Zuhura, aliyeleta chakula, akachungulia. “Yaani mimi ni mzito hivyo?”

“Fundi ndiye aliyekadiria, mke wangu!”

Zuhura akafungua mkanda, akaliburuta gunia nje. Upande wa kushoto wa gari ukainuka taratibu. Mbwana hakuthubutu kugeuza shingo. Zuhura alikuwa bado ameushika mlango, akikitazama kiti chake kitupu.