Mawe ya Kutunza Joto

Jua lilikuwa limeshazama, na bado mtambo ulidondosha maji. Nyanjige aliinama akasikiliza matone yakiingia ndooni. Moyo wake ukatulia.

Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku la mbao lenye maji ya kisima, limefunikwa kioo kilicholazwa mshazari. Jua likipiga, mvuke unapanda, unagota kwenye kioo, unateremka ukiwa maji safi. Jirani yao, Mwalimu Judica, ndiye aliyewaelekeza. Kwanza walitandika blanketi jeusi linywe maji. Yakaongezeka kidogo tu. Kisha mwalimu akashauri watie mawe yaliyopakwa rangi nyeusi, yatunze joto la mchana. Ndalahwa, mume wa Nyanjige, aliyaleta kwa pikipiki yake mpya, akayapaka yote kabla Nyanjige hajarudi kutoka sokoni. Tangu siku hiyo Martha, binti yao anayejifunza kutembea, hakuonja tena maji ya kisima.

Nyanjige hakutaka kingine duniani. Kabula, mtoto wao wa kwanza, alikunywa maji ya kisima kile, akaharisha siku mbili, wakamzika shambani kwao Sapiwi.

"Baba Kabula," alisema wakila ugali, "Jumapili unipeleke Sapiwi, nikapalilie kaburi la mwanangu."

"Barabara ni tope tupu, Mama Martha."

"Mwezi uliopita ulisema pikipiki ni mbovu. Pikipiki mpya!"

"Shamba lenyewe mwaka huu limelala. Twende kufanya nini?"

Nyanjige alikusanya sahani. Lililomchoma zaidi ni hilo la Mama Martha. Miaka yote alikuwa Mama Kabula, na hakuna mwanamke anayevuliwa jina la mtoto wake wa kwanza eti kwa sababu amezaa wa pili. Aliumia. Lakini akajiambia kwamba labda mwanaume naye anatafuta namna yake ya kusahau. Tena msimu uliopita funza walikula pamba yote, na bado mume wake alijitahidi, akapata pikipiki, kioo na mawe. Mtu wa namna hiyo utamnunia vipi?

Asubuhi, Ndalahwa akifuta pikipiki uani, Nyanjige aliondoa kioo ili asugue chumvi iliyoganda. Alianza na mawe. Joto lilikuwa limeilegeza rangi. Brashi ilipopita, nyeusi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Chini yake palikuwa na bluu.

Akasugua tena, polepole. Zikatokea herufi za mwandiko wake mwenyewe, alizozipaka kaburini kule Sapiwi: K, A, B, U. Akalivuta jiwe la pili, akalisugua. L, A. Akaitazama pikipiki iliyong'aa uani, akaelewa shamba la Sapiwi limegeuka nini.

"Mama Martha!" Ndalahwa aliita kwa furaha kutoka uani. "Maji ya mtoto yametosha?"