Rekodi ya Patroba

Kifua kilimbana tena katikati ya kilima cha Iguhu, lakini Titus hakushuka. Simu aliyoifunga kwenye usukani ilimwambia jambo moja tu: Patroba yuko mbele.

Hakuwahi kumwona Patroba. Alimjua kwa rekodi yake tu, kwenye programu ya simu ambako waendesha baiskeli hushindania vilima. Wengine wote alishawapita. Kocha Mike, aliyeishi Eldoret na kumfundisha kwa simu, alikuwa amemwandikia: "Mpite huyo kabla ya Jumapili, nafasi kwenye timu ni yako."

Asubuhi hiyo mkewe, Beldina, alimwekea mkono kifuani akaomba kwa muda mrefu.

"Mungu alikupa moyo mmoja, baba Natasha," alisema baada ya amina. "Wa akiba hakukupa."

Sasa, nyuma yake, mjomba Wanzala alikuwa akipanda taratibu na baiskeli yake nyeusi, mitungi ya maziwa ikigongana.

"Mpwa, shuka usukume!" alipaza sauti. "Mimi napanda hapa tangu ujana. Kilima hakijawahi kuniuliza nimechukua muda gani."

"Ndiyo maana uko nyuma, mjomba!"

"Na huyo aliye mbele, anakimbilia wapi?"

Titus alizidi kukanyaga pedali. Alikuwa akiwaza jinsi Patroba alivyopanda. Penye mwinuko mkali hakupunguza mwendo hata kidogo. Mapigo ya moyo wake hayakuonyeshwa; Titus aliamini ameyaficha ili wapinzani wasijue nguvu zake.

Mkono wa kushoto ulianza kufa ganzi. Aliomba. Hakuomba uzima, aliomba mwendo.

Alipofika juu, simu ililia. Patroba bado alikuwa wa kwanza.

Kwenye ramani ya simu, mstari wa safari ya Patroba uliacha barabara, ukaingia kwenye boma moja, ukakomea hapo. Titus akaufuata, akikokota baiskeli. Uani palikuwa na mama mzee akianika mahindi. Nyuma yake, baiskeli nyembamba ya mashindano iliegemea ukuta, mnyororo umeanza kushika kutu.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu. Keti kwanza. Unashika kifua vile yeye alikuwa akishika."

"Namtafuta Patroba," Titus alisema akihema. "Nataka anifundishe alivyopanda siku hii." Akamwonyesha tarehe kwenye simu.

Mama aliisoma tarehe hiyo. Kisha akaitazama barabara.

"Siku hiyo tulimtoa mochari," alisema. "Baiskeli yake tuliifunga juu ya gari, ifike naye nyumbani. Mdogo wake akakiwasha kile kidude cha usukani kinachorekodi mwendo, maana Patroba hakuwahi kupanda kilima hiki bila kukiwasha."