Wastani wa Mama

Katika nyumba zetu za huku milimani, ukipenya ukuta wa mashariki unatokea ukuta wa magharibi, chumba kilekile. Tumeshazoea. Mama mkwe wangu, Sigrada, hutandika godoro lake sakafuni kando ya ukuta, na akijigeuza usingizini tunamkuta asubuhi upande wa pili wa sebule, anacheka.

Mashine ya joto, inayopasha sakafu pale mtu anapolala, ndiyo haikucheka. Kila siku iliandika alipolala, kwa hatua kutoka ukuta wa mashariki: leo hatua sifuri, kesho hatua kumi. Mwisho wa mwezi ikapiga wastani, ikapata tano. Tangu hapo joto lote la Mama linamwagwa katikati ya sebule, pasipo na mtu, na yeye anakohoa ukutani.

Nilikwenda ofisi ya mashine nimefura.

"Pale katikati hajalala hata siku moja!" nilimwambia karani.

"Dada, hesabu haijakosea," alijibu bila kuniangalia. "Msogezeni tu."

Jioni nikaliburuta godoro hadi hatua ya tano. Mama alipojilaza tu, mashine ikasema kwa adabu, "Samahani, hapa pana mtu."

"Mtu gani?" nilifoka. "Si ni yeye huyuhuyu!"

Mama akajisogeza pembeni, akapeleka kiganja chini ya godoro, kwenye sakafu yenye joto. Akakiacha hapo kitambo. Kisha akanivuta kanga.

"Punguza sauti, mwanangu," alininong'oneza. "Nirudishe ukutani. Mwenzangu bado amelala."