Mizigo Kumi ya Chumvi

Gharib aliuza chumvi isiyokuwa yake, tena akitabasamu.

Mizigo kumi aliazima kwa Mwanamisi, mjane mwenye duka Nyaishozi, kwa ahadi ya kurudisha mizigo kumi kabla ya Ramadhani. Alikuwa amemposa binti wa mjane huyo, Asia, na mahari ya rupia arobaini hakuwa nayo, wala hakutaka kuuza ng'ombe wake. Lakini alisikia msafara mkubwa wa chumvi unakuja kutoka Katwe. Angeuza leo kwa rupia sita kila mzigo, msafara ufike, anunue kwa mbili, arudishe, abaki na arobaini.

“Na ukikosa chumvi ya kurudisha?” Asia alimuuliza.

“Chumvi ikosekane?” Gharib alicheka. “Nenda kapike, mwanamke.”

Aliiuza yote kwa Saleh, dalali wa Nkwenda.

“Nani ananunua chumvi wiki hii?”

“Mtu wangu,” Saleh alisema. “Hana haraka.”

Gharib alimhurumia sana mjinga huyo.

Kisha Mto Kagera ukafurika. Wavushaji walipandisha mitumbwi nchi kavu. Msafara ukakwama ng'ambo, mvua ikiyeyusha chumvi mizigoni. Bei ikafika nane, ikafika kumi. Kila asubuhi Gharib alijiambia kesho itashuka. Msikitini wafanyabiashara wote waliomba bei zipande; yeye peke yake aliomba zishuke, na alishindwa kwa kura.

Siku mbili kabla ya mfungo aliuza ng'ombe wake wote na bunduki ya marehemu baba yake, akarudi kwa Saleh.

“Mtu wako bado anayo?”

“Anayo. Kumi na tano kwa mzigo.”

Alilipa. Wapagazi wakaipeleka Nyaishozi.

“Shikamoo, mama. Chumvi yako hii.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?”

“Nimekuwa tajiri wa akili, mama. Mwili haukuweza kubeba.”

Asia alimsindikiza hadi uani. Gharib aliangalia ardhi.

“Tafuta mume mwingine, Asia. Mimi nimeuza kwa sita nikanunua kwa kumi na tano, na mpango wote niliutunga mwenyewe, hata sikusaidiwa. Mahari sina, wala ng'ombe sina.”

Asia alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

“Waambie wazee wako waje Ijumaa, bwana. Mahari utachukua kwangu,” alisema. “Mtu wa Saleh ni mimi.”