Kipimo cha Kurithi

"Mtoto wa miezi minane, kompyuta inaniambia nimpe vijiko vinne vya dawa!" Sauti ya muuguzi Flora ilitetemeka kwenye simu. "Bahati nimeshtuka kabla sijamnywesha."

Idrissa aliifungua programu ya vipimo vya dawa. Waliiandika watatu tu: yeye, mkewe Maryam, na Gabrieli, rafiki yake tangu sekondari. Zahanati kadhaa za Singida ziliitegemea.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka intafesi, yaani sharti: kila dawa itaje kipimo chake yenyewe, la sivyo kompyuta iikatae. Mtu alikuwa ameliondoa. Dawa ya maji ya watoto sasa ilirithi kila kitu kutoka dawa ya watu wazima, kipimo kikiwemo. Kompyuta haikulalamika.

"Nani kafanya hivi?"

Maryam aliweka kikombe cha chai mezani. "Muulize rafiki yako. Siku hizi kila kitu anakiharakisha."

Jioni hiyo yote Idrissa alikuwa akizipigia simu zahanati zote na kulirudisha sharti mahali pake.

Asubuhi Gabrieli alipoingia ofisini, hakungoja kuulizwa. "Ni mimi. Nilaumu mimi."

"Wewe?" Idrissa alisimama. "Ungeua mtoto wa watu, Gabrieli! Na mimi huko nje naapa kwa jina lako!"

Gabrieli alimtazama Maryam, kisha sakafu. Akaondoka.

"Mwache aende," Maryam alisema, akimshika mumewe bega.

Lakini Idrissa hakuweza kuliacha jambo hilo. Angeudhika kidogo tu kama angesalitiwa na mtu mwingine yeyote. Mwisho wa juma alipanda basi hadi Kintinku, akamkuta Gabrieli akipura alizeti uani kwa baba yake. Gabrieli aliinuka akitabasamu, mikono ameinyoosha kumkumbatia.

Idrissa alirudi nyuma. "Usinichekee. Ndugu gani anamfanyia mwenzake vile?"

Tabasamu la Gabrieli lilipotea.

"Kwani shemeji Maryam hakukuambia? Alinipigia jioni ile analia. Akasema sharti umeliondoa wewe, na ikijulikana utafungwa." Alijifuta vumbi usoni. "Idrissa, mimi nilikuwa nakubebea lawama wewe."